Baada ya Kupasuliwa Tezi Dume: Maelezo kwa Wagonjwa na Jamaa Zao

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla, wa Unguja na Pemba, wanaelezwa kwamba maradhi ya kukua kwa tezi dume, ambayo huwafika wanaume wengi waliokwisha vuka umri wa miaka 50, yana tiba, na kwamba upasuaji wake ni jambo la kawaida katika hospitali. Hata hivyo, wagonjwa wengi hurejea majumbani bila ya kuelezwa hali zipi wazitarajie. Matokeo yake ni kuwa jambo la kawaida huwatia hofu kubwa, na jambo la hatari hulinyamazia kwa kuona haya. Maelezo haya yamekusudiwa kuwasaidia wao pamoja na wake na watoto wanaowauguza.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, nayo huizunguka njia ya mkojo. Kwa kijana ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo. Mtu akiingia utu uzima tezi hii huanza kukua, na kwa baadhi ya watu huibana njia: mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa unyonge, na mtu huamka mara tatu au nne usiku. Kukua huku si saratani, wala si ngiri, wala si mabusha, ingawa mabarazani maradhi yote haya huchanganywa chini ya jina moja la mshipa. Wapo wanaotibiwa kwa vidonge wakapata nafuu. Asiyepata nafuu, au aliyezibwa mkojo kabisa, au ambaye mafigo yake yameanza kudhurika, huyo hushauriwa kupasuliwa.

Upasuaji unaofanywa sana ni wa namna mbili. Wa kwanza hufanywa kwa chombo chembamba kinachopitishwa katika njia yenyewe ya mkojo, na tezi ikachongwa kutoka ndani, pasiwe na jeraha lolote la nje. Wa pili hufanywa kwa kupasua tumbo chini ya kitovu, na aghalabu ndio unaochaguliwa tezi inapokuwa kubwa sana, au pale ambapo chombo kile hakipatikani. Tofauti hii ni muhimu kwa mgonjwa kuijua, kwani aliyepasuliwa tumbo hukaa hospitali siku nyingi zaidi, ana mshono wa kuuguza, na nguvu zake hurudi polepole zaidi. Kwa hivyo mzee wa Mkoani asijipime kwa jirani yake aliyetoka hospitali siku ya tatu.

Mgonjwa atakapozindukana, au sindano ya uti wa mgongo itakapomwisha nguvu, atajikuta ana mpira katika njia ya mkojo uliounganishwa na mfuko. Mara nyingi maji safi ya chumvi hupitishwa katika mpira huo ili kuosha kibofu na kuzuia damu isigande. Maji yatakayotoka yatakuwa mekundu, kisha yatakuwa na rangi ya waridi, na hatimaye yatakaribia kuwa meupe. Jamaa waliokuja kutazama wasibabaike kwa kuuona mfuko mwekundu, kwani damu kidogo hutosha kugeuza rangi ya maji mengi. Mgonjwa naye huhisi kama kwamba anataka kwenda haja ndogo, na pengine kibofu hukamata kwa maumivu. Ni mpira ndio unaokikera kibofu. Amwambie muuguzi, na asiuvute.

Kwa aliyepasuliwa kupitia njia ya mkojo, mpira huondolewa baada ya siku moja hadi tatu hivi, na kwa aliyepasuliwa tumbo huchukua siku zaidi. Siku ile ya kuondolewa ni siku ya mtihani. Mkojo wa mwanzo huchoma, huja kwa ghafla, na huenda ukamtoka kabla hajafika msalani. Wengine hushindwa kukojoa kabisa, ikabidi mpira urejeshwe kwa muda. Hilo huwatokea wagonjwa wengi, na halina maana kwamba upasuaji umeharibika.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatia watu hofu kuliko yote, nalo ni damu inayorudi. Mgonjwa ameshafika nyumbani, mkojo umekuwa safi kwa siku kadhaa, na watu wamekwisha kumpa pole na kuondoka. Ghafla, kiasi cha siku ya 10 hadi ya 14, anakojoa damu. Mwenzetu mmoja wa ofisini alifikwa na hali hii alfajiri, akaamsha nyumba nzima na kuanza kutoa wasia. Hakuna aliyemweleza kabla. Sababu yake ni kuwa kidonda cha ndani, kama kilivyo cha nje, hufanya gamba, na gamba hilo linapobanduka damu kidogo hutoka. Dawa yake ni kupumzika na kunywa maji mengi, na kwa kawaida mkojo husafika katika muda wa siku moja au mbili. Iwapo damu ni nzito, ina mabonge, au mkojo umezibwa, hapo asingoje kukuche, apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu maji, wazee wengi wana mazoea ya miaka ya kujinyima, kwa kukimbia kuamka usiku au kuadhirika njiani. Baada ya upasuaji mazoea hayo yana madhara, maana mkojo mzito huchoma kidonda na huleta maambukizo. Anywe kiasi cha lita mbili kwa siku, ila kama daktari amemzuia kwa ajili ya moyo au mafigo, na apunguze saa chache kabla ya kulala. Kahawa na chai kali azipunguze, kwani hukichochea kibofu. Tunajua kuwa kumwambia mtu wa baraza aache kahawa si jambo dogo, lakini ni kwa wiki chache tu.

Choo kigumu ni adui mwengine. Kujikamua huitonesha tezi na damu hutoka upya. Mapapai, mchicha, kunde na matunda mengineyo yapatikanayo sokoni husaidia sana, na ikishindikana aombe dawa ya kulainisha.

Kwa muda wa wiki nne hadi sita mgonjwa asinyanyue kizito. Maana yake ni gunia la mchele, ndoo ya maji ya kisima, mtungi wa gesi na hata mjukuu aliyenenepa. Asipande mkarafuu wala mnazi, asivute nyavu wala ngalawa, asilime, na asipande baiskeli. Kutembea polepole kila siku ni kuzuri, tena kunazuia damu kuganda miguuni. Anayeishi mashamba akitaka kwenda mjini kwa daladala mapema, ni bora angoje, au achague kiti cha mbele kisichorusha. Mwenye kazi ya mezani aghalabu huweza kurejea baada ya wiki mbili au tatu ikiwa hakupasuliwa tumbo, na mwenye kazi ya nguvu angoje zaidi. Wakuu wa ofisi wanaombwa waifuate karatasi ya daktari, na wasimwite mtumishi kabla ya muda wake kwa hoja kwamba hana jeraha linaloonekana. Akirudi, asizuiwe kutoka mara kwa mara kwenda msalani.

Mkojo kumponyoka mtu kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya watu miezi kadhaa, si ajabu. Kibofu kilichozoea kusukuma kwa nguvu hakijui kwamba mlango sasa uko wazi. Mgonjwa afanye zoezi la kubana misuli ile ile anayoibana kuzuia mkojo, ahesabu mpaka tano, aachie, kisha arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Kuamka usiku ndiko kunakochelewa kupona kuliko dalili nyengine zote.

Limeulizwa sana suala la sala. Aliye na mpira, au asiyeweza kuzuia mkojo, hasamehewi sala. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa Visiwani, mwenye udhuru wa namna hii hujisafisha, hujikinga kwa kitambaa safi, hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, na husali faradhi moja kwa udhu huo. Asiyeweza kusimama atasali kwa kukaa. Upasuaji ukiangukia mwezi wa Ramadhani, saumu ya mgonjwa hulipwa akishapona. Kwa mas-ala zaidi amuulize sheikh wake.

Tendo la ndoa liachwe kwa wiki nne hadi sita. Hofu ya kupoteza uanaume ndiyo inayowafanya wengi waukimbie upasuaji mpaka mafigo yakaharibika, kwa hivyo ni lazima lisemwe wazi. Nguvu alizokuwa nazo mtu kabla ya upasuaji aghalabu hubakia, ingawa wachache hupungukiwa. Linalobadilika kwa walio wengi ni kuwa manii hayatoki nje, bali hurudi kwenye kibofu na kutoka baadaye pamoja na mkojo. Hayo hayana madhara kwa afya, na raha haiondoki, lakini uwezo wa kupata mtoto hupungua sana. Anayetaraji kuzaa bado amweleze daktari kabla ya kupasuliwa, na mkewe aelezwe pia.

Dalili za kurudi hospitali bila kukawia ni hizi: kushindwa kukojoa, homa yenye kutetemeka, damu nzito au mabonge, korodani kuvimba na kuuma, mshono kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana. Mkojo ukianza tena kuwa mwembamba baada ya miezi, huenda njia imefanya kovu, nalo lina matibabu yake.

Mwisho, kinachoondolewa ni sehemu ya ndani ya tezi, na ganda lake la nje hubakia. Kwa sababu hiyo saratani ya tezi dume inaweza kutokea hata kwa aliyekwisha kupasuliwa, na uchunguzi haukomi. Siku ya kurudi kliniki mgonjwa achukue karatasi ya kutokea hospitali na dawa zote anazokunywa, hasa aspirini na nyengine za kulainisha damu, aulize siku ya kuzianza tena, na adai majibu ya kipande cha nyama kilichopelekwa maabara.