Kabla hujamruhusu fundi ang'oe sega la gari lako

Wadau, kama una gari la petroli, huenda fundi ameshakwambia: "Hilo sega litoe tu, linakula nguvu, halafu kuna mtu analinunua." Subiri kwanza, soma hapa.

Sega ni lile dude lililopo kwenye bomba la moshi, ndani lina matundu madogo madogo kama la nyuki. Limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu. Madini hayo ni kichocheo: yanaharakisha mabadiliko ya kikemia lakini yenyewe hayaliwi. Ndio maana hata sega la zamani lina mnunuzi.

Linafanyaje kazi? Injini inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Ikifika kwenye sega inanata juu ya platinamu. Oksijeni nayo inanata, ila inapasuka vipande viwili. Kipande kimoja kikikutana na kaboni monoksaidi inatokea kaboni dayoksaidi, inaondoka zake, nafasi inabaki wazi kwa nyingine. Kama siti za daladala vile!

Aliyezichambua hatua hizi ni Mjerumani Gerhard Ertl. Alichunguza madini safi kabisa ndani ya vyombo vilivyoondolewa hewa, maana uchafu kidogo tu unaharibu majibu. Alieleza pia jinsi chuma kinavyosaidia kutengeneza amonia, ambayo ndiyo inatupa mbolea ya urea. Tarehe 10 Oktoba 2007, siku aliyotimiza miaka 71, alitangazwa mshindi wa Nobel ya kemia.

Sasa angalia: kazi yote inafanyika juu ya ngozi ya madini. Ngozi ikifunikwa, kichocheo kimekufa hata kama madini yote yapo. Risasi iliyokuwa inatiwa kwenye petroli ilifanya hivyo hivyo, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Oili inayoungua nayo inachafua sega.

Kwa hiyo gari likiwa zito kwa sababu sega limeziba, uliza kwanza kwa nini injini inakula oili. Ukiling'oa, hela ya mnunuzi utaila wiki moja, ila ile gesi itavutwa kila siku na mama ntilie wa pembeni ya barabara na watoto wanaosubiri gari kituoni.

Nyie mnaonaje? Mafundi mliopo humu, semeni.