Kabla Hujanyooshwa Mgongo

Ndugu msikilizaji, jirani yangu hapa Madale, fundi wa zege, aliumwa kiuno miezi miwili. Akaniuliza: nikienda kwa wale wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono, nitafanywa nini?

Nilimweleza. Tiba hiyo, kairopraktiki, ilianzishwa na D. D. Palmer huko Marekani mwaka 1895. Siku ya kwanza utaulizwa maswali mengi, utainamishwa, utainuliwa mguu, utagongwa goti kwa kinyundo. Ndipo mgongo husukumwa. Ule mlio wa "ko!" ni hewa ndani ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake. Kuumwa kidogo siku moja au mbili ni kawaida.

Lakini usifiche kitu. Kifua kikuu nacho hula uti wa mgongo. Ukiwa na homa, jasho la usiku, au unakonda, usikubali kusukumwa kabla ya kupimwa. Na miguu ikilegea au mkojo ukikutoka bila kujijua, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Jirani alinyamaza, kisha akasema: jasho la usiku ninalo. Alfajiri tulipanda daladala kwenda Hospitali ya Mwananyamala.

Msikilizaji, pima kwanza. Kwa leo naishia hapo.