Diski imejaa? Usikimbilie kufuta picha zako

Ukifungua 'This PC' ukute mstari wa diski C umegeuka mwekundu, jua umebakisha chini ya asilimia 10 ya nafasi. Hapo ndipo wengi huanza kufuta picha na nyimbo. Ngoja kwanza!

Kila unapoperuzi, kivinjari kama Chrome huweka kando picha na vipande vya kurasa ulizotembelea, ili ukirudi kesho ukurasa ufunguke upesi na usile bando sana. Ni msaada mzuri. Lakini kwenye vile vipakatalishi vya bei nafuu vya GB 64, Windows yenyewe imeshameza sehemu kubwa, na mabaki haya yanabanana na kazi zako za chuo.

Katika Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Chagua muda wote, kisha weka tiki kwenye 'Cached images and files' pekee. Soma vizuri hapo. Ukifuta na 'Cookies', utatolewa kwenye akaunti zako, na kama huikumbuki nywila ya ile baruapepe uliyotumia kuomba mkopo wa HELB, utahangaika.

Kuna rundo lingine, la Windows. Funga programu zote, shika kitufe cha Windows na R, andika %temp%, kisha Enter. Chagua zote kwa Ctrl na A, ufute. Zitakazogoma zinatumika wakati huo, ziruke tu. Halafu mwaga pipa la taka. Ule wimbo wa "nimefuta na bado imejaa" mara nyingi chanzo chake ni pipa hilo.

Mtego mkubwa uko kwenye Settings. Katika Windows 10 na 11, ukipitia System, Storage hadi 'Temporary files', utakuta folda ya Downloads imepangwa humo humo na takataka. Sasa fikiria: cheti ulichoskani saiba, barua ya kuitwa chuoni, noti za mhadhiri, vyote hukaa wapi? Usiitie tiki kabla ya kuvihamisha.

Wala usifute kila siku, maana kurasa zile zile zitapakuliwa upya na bando ni lako. Mara moja kwa mwezi yatosha. Ukimaliza, zifungue tovuti zako za kawaida ukiwa bado kwenye wifi ya chuo.