Mapenzi Kati ya Wodi na Kituo cha Polisi

Riwaya ya mapenzi na taharuki hubeba visa viwili kwa mpigo: watu wawili wanapendana, na huku mmoja wao, au wote wawili, wanawindwa. Visa hivyo havitenganishiki. Hatari ndiyo inayowakutanisha wapenzi, ndiyo inayowazuia kuachana wanapokorofishana, na ndiyo inayowafanya waambiane mambo ambayo kwa kawaida yangechukua miaka kusemwa. Muuaji akiweza kuondolewa na mapenzi yakaenda vilevile, hiyo ni hadithi ya mapenzi iliyopachikwa mauaji tu. Mapenzi nayo yakiweza kuondolewa bila kisa kuyumba, hiyo ni riwaya ya upelelezi.

Wahusika wake wanaweza kuwa na kazi yoyote: mwanasheria, mwandishi wa habari, mzimamoto, mwanajeshi. Hata hivyo kuna kazi mbili ambazo waandishi huzirudia tena na tena bila wasomaji kuzichoka, nazo ni kazi ya hospitali na kazi ya polisi. Sababu zake zinapatikana katika historia ya riwaya hizi, katika kazi zenyewe, na katika mambo ambayo msomaji huyafuata anapofungua kitabu.

Kutoka jumba la siri hadi hospitali

Chimbuko liko Uingereza, katika riwaya za majumba ya kale na siri zake. Ann Radcliffe alichapisha The Mysteries of Udolpho mwaka 1794; Charlotte Brontë akafuata na Jane Eyre mwaka 1847; Daphne du Maurier naye akatoa Rebecca mwaka 1938. Katika riwaya za aina hiyo, mwanamke kijana huingia katika nyumba kubwa asiyoijua, humkuta mwanaume mwenye jambo analolificha, na humpenda kabla hajajua kama huyo ni mlinzi wake au ni mwangamizi wake. Katika miaka ya 1950 Mary Stewart alimbadilisha mwanamke huyo. Katika vitabu vyake hakai akisubiri kuokolewa: anaendesha gari, anachunguza, anakimbiza na kukimbizwa.

Wakati huohuo kulikuwa na mkondo mwingine uliotulia zaidi. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, ilijipatia wasomaji wengi kwa hadithi za wauguzi na madaktari. Baadhi ya waandishi wa hadithi za hospitali waliijua kazi hiyo kwa mikono yao. Lucilla Andrews alikuwa amesomea uuguzi London wakati wa Vita Vikuu vya Pili kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1954, na Betty Neels alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika. Kampuni ya Harlequin ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilianza kuvichapisha upya vitabu vya Mills & Boon mwaka 1957, na cha kwanza kilikuwa cha hospitali: The Hospital in Buwambo cha Anne Vinton. Mwaka 1971 Harlequin ikainunua Mills & Boon yenyewe.

Katika hadithi hizo za mwanzo hakukuwa na muuaji. Hatari ilikuwa ugonjwa, na kikwazo cha mapenzi kilikuwa cheo, kwa maana daktari bingwa hakutazamiwa kumwangalia muuguzi mwanafunzi. Polisi waliingia kwa njia nyingine. Riwaya za kazi za kila siku za kituo cha polisi, kama zile ambazo Ed McBain alizianza mwaka 1956, ziliwazoesha wasomaji majalada, mahojiano na vielelezo. Harlequin ilipozindua Intrigue, mfululizo wa mapenzi na taharuki, mwaka 1984, mikondo hiyo ilikuwa tayari kuungana. Hospitali ikarithi nafasi ya jumba la kale: korido ndefu usiku, milango isiyofunguliwa na kila mtu, na watu wanaojua mengi kuliko wanayosema.

Daktari aliyegeuka mwandishi

Mfano ulio wazi zaidi ni Tess Gerritsen wa Marekani, daktari aliyefanya kazi Hawaii na kuanza kuandika akiwa katika likizo ya uzazi. Riwaya yake ya kwanza, Call After Midnight, ilitoka mwaka 1987, na kwa karibu miaka kumi aliandika mapenzi na taharuki. Katika Keeper of the Bride ya mwaka 1996, muuguzi Nina Cormier anaachwa na mchumba wake siku ya harusi. Wageni wanatawanyika, na muda mfupi baadaye bomu linalipuka katika kanisa lilelile. Mpelelezi Sam Navarro anapewa kesi hiyo. Aibu ya kuachwa ndiyo iliyookoa maisha ya watu, na swali la kwa nini mchumba alikimbia linaungana papo hapo na swali la nani alitega bomu. Kwa hiyo mpelelezi hawezi kuuliza habari za mlipuko bila kuuliza habari za moyo wa bibi harusi.

Mwaka huohuo Gerritsen alitoa Harvest, kuhusu biashara ya viungo vya binadamu, na kuanzia hapo akaelekea zaidi kwenye taharuki ya kitabibu. Hakuyaacha mapenzi kabisa. The Surgeon ya mwaka 2001 inamhusu Catherine Cordell, daktari wa upasuaji wa majeruhi mjini Boston, aliyewahi kunusurika mikononi mwa mtu aliyeua wanawake wengine. Sasa mauaji ya namna ileile yanatokea tena, na majeraha yanaonyesha kuwa muuaji anajua kushika kisu cha upasuaji. Mpelelezi Thomas Moore anahitaji kumbukumbu za Catherine ili amkamate muuaji, na kila anachomwomba akumbuke kinamtonesha kidonda. Katika kitabu hicho ndipo alipoingia Jane Rizzoli, mpelelezi mwanamke anayepigania heshima katikati ya wanaume. Baadaye aliunganishwa na daktari wa uchunguzi wa maiti, Maura Isles, na wawili hao wakapata tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2010 hadi 2016.

Kwa nini kazi hizi mbili

Kwanza, sheria na utaratibu wa kazi huwakutanisha watu hawa bila mwandishi kuhangaika. Tanzania, aliyejeruhiwa kwa kushambuliwa hupewa na polisi fomu ya PF3 aende nayo hospitali, na daktari huandika humo alichokiona mwilini. Kenya kuna fomu ya P3. Karatasi hiyo ikifika mahakamani, maelezo ya daktari huwa ushahidi. Kila nchi ina utaratibu wake, lakini msingi ni huohuo: risasi iliyotolewa begani ni tiba kwa mmoja na ni kielelezo kwa mwingine. Mpelelezi anapotokea mlangoni mwa wodi saa nane usiku, msomaji hahitaji kuelezwa amefuata nini.

Pili, kazi zote mbili huwaruhusu watu kuvuka mipaka ya kawaida. Daktari humgusa mtu asiyemjua na kumuuliza mambo ya ndani. Askari huingia nyumbani kwa watu na kufungua makabati. Pande zote mbili huwaona binadamu wakiwa hawana nafasi ya kujipamba, kwenye maumivu, hofu, uongo na majuto. Mapenzi yanayoanzia hapo huanza na ukweli, na adabu za kutembeleana huja baadaye.

Tatu, na hapa ndipo waandishi hodari wanapojitofautisha, kazi hizi zinagongana. Daktari hutunza siri za mgonjwa, ilhali mpelelezi analipwa kuzifichua. Daktari atamtibu hata aliyeua, na mpelelezi anamsubiri apone ili ampeleke rumande. Majeruhi akitamka jina kabla ya kupoteza fahamu, daktari aseme au anyamaze? Akinyamaza, mwingine anaweza kufa. Akisema, amevunja ahadi ambayo kazi yake yote imesimama juu yake. Ugomvi wa namna hii hauhitaji wivu wala umbea ili uwake, na kwa kuwa kila upande una haki, msomaji hawezi kuumaliza kwa kumchagua mmoja. Wapenzi wakipatana mwishoni, kila mmoja amejifunza kuiheshimu kazi ya mwenzake.

Nne, kazi hizi huleta usawa. Katika riwaya za kale mwanamke alikuwa mgeni asiyejua lolote. Daktari wa upasuaji anajua kitu ambacho mpelelezi hakijui, na mpelelezi vivyo hivyo. Mmoja anasoma majeraha, mwingine anasoma watu, na kesi haifumbuliki mpaka maarifa hayo yakutane.

Maswali mawili, moja likiwa na jibu

Taharuki huishi kwa kutojua. Lakini msomaji wa riwaya hizi anajua jambo moja kubwa tangu ukurasa wa kwanza: wapenzi watanusurika na watakuwa pamoja. Ndiyo ahadi ya fasihi hii. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimeieleza riwaya ya mapenzi kuwa ni ile ambayo kiini chake ni mapenzi na mwisho wake unaridhisha na kutia matumaini. Kinachobaki bila jibu ni nani muuaji, na wapenzi watapitia wapi kufika salama.

Ahadi hiyo haiui taharuki. Mwaka 2011 watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligundua kwamba watu walioambiwa mwisho wa hadithi fupi mapema walielekea kuzifurahia zaidi, ingawa tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na matokeo hayo. Kwa riwaya za mapenzi na taharuki jambo hilo linaeleweka: uhakika wa mwisho humpa msomaji ruhusa ya kuogopa katikati. Anaweza kulifuata jambo la kutisha, kama mauaji, utekaji au ukatili dhidi ya wanawake, akijua kwamba hataachwa humo.

Hofu nayo ina kazi katika mapenzi yenyewe. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio Kanada kwenye daraja la Capilano, lililoning'inia juu sana ya mto. Wanaume waliohojiwa na mwanamke juu ya daraja hilo waliompigia simu baadaye walikuwa wengi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara la chini. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba moyo unaodunda kwa woga unaweza kudhaniwa kuwa unadunda kwa mvuto. Jaribio lilikuwa dogo, lakini waandishi walikuwa wakiitumia kanuni hiyo kabla haijapimwa.

Janice Radway, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu wanawake wasomaji wa mji mmoja wa Marekani, aliona jambo jingine. Wengi walikuwa wake na mama waliowahudumia wengine kutwa nzima, na kusoma kulikuwa muda wao peke yao. Walichokitafuta kwa mwanaume wa kitabuni kilikuwa nguvu iliyochanganyika na uangalizi. Muunganiko wa tabibu na askari unalitimiza hilo vizuri: hapa kuna mwenye kuuguza na mwenye kulinda. Na katika riwaya za karibuni majukumu hayo hubadilishana. Katika mfululizo wa J.D. Robb, jina la pili la mwandishi Nora Roberts, ulioanza na Naked in Death mwaka 1995, askari ni mwanamke, Eve Dallas wa New York ya miaka ya 2050, na anayehakikisha amekula na amelala ni mwanaume wake, Roarke, ambaye katika kitabu cha kwanza alikuwa mtuhumiwa.

Mtuhumiwa anayependwa ni nguzo nyingine ya mvuto. Kikulacho ki nguoni mwako, na riwaya hizi humweka mkosaji karibu: daktari mkuu anayeheshimiwa, mwenzi wa zamu, askari anayeshika jalada. Kila anayempa mhusika faraja anaweza kuwa ndiye, hivyo swali la nani wa kumpenda huwa pia swali la nani wa kumwamini.

Wasomaji wa Kiswahili waliokulia kwenye visa vya mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, au vya jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, wataiona tofauti mara moja. Kwa Willy Gamba mapenzi ni sehemu ya safari, na kesi ikifungwa kisa kimekamilika. Katika mapenzi na taharuki, muuaji akishakamatwa bado wapenzi wana jambo la kumaliza.

Penye mapungufu

Riwaya hizi huikunja hali halisi. Majibu ya maabara hufika kwa saa chache, na mpelelezi mmoja anabeba kesi ya kikosi kizima. Kubwa zaidi ni maadili. Mpelelezi anayeanzisha mapenzi na shahidi wake anaweza kuiharibu kesi mahakamani, na katika nchi nyingi daktari haruhusiwi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mgonjwa anayemtibu. Baadhi ya vitabu hupamba tabia ambazo nje ya kurasa ni za kutisha, kama mwanaume kumfuatilia mwanamke kwa siri na kuita huko kumlinda, au askari kumpiga mtuhumiwa na kusifiwa.

Vitabu bora havikwepi matatizo hayo bali huyafanya kuwa sehemu ya kisa. Mpelelezi anaondolewa kwenye kesi kwa sababu ya mapenzi yake. Daktari anampeleka mgonjwa kwa mwenzake kabla ya kukubali mwaliko. Ulinzi unaombwa na unaweza kukataliwa. Katika vitabu hivyo kazi haiwi sare ya kumpendezesha mhusika. Inaweka masharti, na mapenzi yanapimwa kwa namna wawili hao wanavyoyatimiza bila kupotezana.