Aliyegeuka mwongozaji ili apate kazi ya muziki

Wapenzi wa picha za Kihindi hapa pwani hawana haja ya kuelezwa Omkara ni picha gani. Ilitoka mwaka 2006, na hata wale ambao hawakuitazama wanaujua wimbo wake wa "Beedi", kwa sababu uliingia kwenye maharusi na kwenye matatu ukakaa humo kama mwenyeji. Sasa muulize mtu barazani ni nani aliyeutunga ule muziki. Atakutajia waimbaji, Sunidhi Chauhan na Sukhwinder Singh, au atakutajia Bipasha Basu aliyeucheza. Ukimwambia kwamba lahani ni ya huyo huyo aliyeiongoza picha nzima, atakubishia. Mwongozaji ana waigizaji wa kuwapanga na kamera za kuzisimamia, huo muziki atautunga saa ngapi?

Mtu huyo ni Vishal Bhardwaj, na swali lenyewe limekaa kinyume. Bhardwaj hakuwa mwongozaji aliyejitia kwenye muziki kwa kujifurahisha. Alikuwa mtunzi wa muziki aliyeona riziki yake inapungua, akageuka mwongozaji ili apate mtu wa kumpa kazi ya kutunga. Mtu huyo akawa ni yeye mwenyewe. Amelieleza jambo hilo waziwazi zaidi ya mara moja, wala halionei haya.

Nimeona nimweleze leo kwa sababu hapa kwetu tuna mabarobaro wanaopiga picha fupi kwa simu na kamera za kuazima, na tuna wapiga kinanda na udi wanaongoja kuitwa harusini. Makundi haya mawili yanaishi mtaa mmoja na hayajuani. Najua pia wapo wasomaji wangu ambao kwao mjadala wa muziki ulikwisha zamani, na masheikh wamesema yao. Mimi hapa sitoi hukumu, nazungumzia kazi na namna inavyofanyika.

Bhardwaj alizaliwa 1965 Bijnor, jimbo la Uttar Pradesh, akakulia Meerut. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akiandika mashairi ya nyimbo za picha pembeni mwa kazi yake. Kijana mwenyewe alikuwa mchezaji wa kriketi, tena mzuri, hata akaichezea timu ya vijana ya jimbo. Akiwa na umri wa miaka 17 alitunga lahani, baba yake akamsikilizisha Usha Khanna, mmoja wa wanawake wachache waliopata kuwa watunzi wa muziki wa sinema kule Bombay, na Usha Khanna akaitia katika picha ya Yaar Kasam iliyotoka 1985. Chuoni Delhi akakutana na Rekha, mwimbaji, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Akafanya kazi katika kampuni ya kurekodi muziki, na huko Delhi ndiko alikojuana na Gulzar, mshairi mkubwa wa Kiurdu ambaye naye ni mwongozaji. Gulzar ndiye aliyemshika mkono. Walitengeneza pamoja wimbo wa katuni ya Mowgli ambao watoto wa India wa wakati ule hawajausahau, kisha mwaka 1996 Gulzar akampa muziki wa picha yake ya Maachis. Nyimbo zikapendwa, zikaimbwa na watu wazito, Lata Mangeshkar akiwamo. Miaka miwili baadaye akatunga nyimbo za Satya ya Ram Gopal Varma. Kwa Godmother akapata tuzo ya taifa ya India ya utunzi wa muziki.

Mtu wa rekodi hiyo ungedhani simu yake hailali. Lakini kazi zikapungua. Ili kuelewa kwa nini, yafaa kujua muziki wa sinema ya Kihindi unavyotengenezwa.

Katika picha za Kihindi wimbo hutangulia. Kamera haijawashwa, na pengine hadithi yenyewe haijakamilika kuandikwa, lakini lahani imeshatungwa, mara nyingi maneno hutiwa baadaye kufuata lahani, mwimbaji ameshaingia studio, na wimbo umekwisha. Siku ya kupiga picha, wimbo hufunguliwa kwa sauti kubwa na steringi hufumbua na kufumba mdomo kuufuata. Ndiyo maana Lata aliweza kuwaimbia waigizaji wa vizazi vitatu. Halafu kuna muziki wa pili, ule usio na maneno unaopita chini ya mazungumzo na mapigano, na huo hutungwa mwishoni, picha ikishakatwa na kuunganishwa. Mtunzi basi anahitajika mwanzo na mwisho, lakini katikati, pale hadithi inapoundwa, hayupo. Na pale mwanzo anapohitajika, hukumu si yake. Mtayarishaji anataka wimbo utakaouza, kampuni ya kanda ina lake, steringi ana lake. Mtunzi analeta lahani tano, zinakataliwa nne, na ile ya tano inawekwa mahali ambapo hadithi haikuiomba, ili watu wapate kutoka nje kununua bisi. (Nani kati yetu hajawahi kutoka wakati wa wimbo?)

Bhardwaj hakutaka muziki wake uwe wa saa ya bisi. Akaandika na kuongoza picha ya watoto, Makdee, iliyotoka 2002. Taasisi iliyotakiwa kuichukua ikaikataa, akaisukuma mwenyewe. Ikafuata Maqbool, ambayo ni Macbeth ya Shakespeare ikihamishiwa kwa majambazi wa Mumbai. Waliosoma tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth, wataitambua hadithi. Kisha Omkara, ambayo ni Othello, na ile leso iliyomponza mke wa Othello imekuwa mkufu wa kiunoni. Mwanamke yeyote wa pwani anaelewa mara moja kwa nini mkufu wa kiunoni wa mke ukionekana mikononi mwa mwanamume mwingine damu itamwagika. Leso ingetaka maelezo, mkufu hautaki.

Lakini mahali ambapo faida ya mwongozaji kuwa ndiye mtunzi inaonekana wazi zaidi ni Haider, ya 2014. Hii ni Hamlet, na Bhardwaj ameipeleka Kashmir ya mwaka 1995, wakati wanajeshi wanafunga vijiji, wanaume wanachukuliwa na hawarudi, na wake zao wanaitwa wajane nusu kwa kuwa hakuna maiti wala talaka. Daktari anatoweka. Mwanawe anarudi kutoka masomoni anamkuta mama yake yuko karibu mno na ami yake. Kwetu pwani kuna nyumba zinazomngoja mtu aliyechukuliwa, kwa hivyo picha hii haikai mbali nasi kama ramani inavyotaka tuamini.

Katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet anataka kuhakikisha kama ami yake ndiye aliyemuua baba yake, basi anawaita waigizaji wacheze mchezo unaofanana na ule uuaji, huku yeye akimtazama ami usoni. Bhardwaj ameufanya mchezo huo kuwa wimbo. Unaitwa "Bismil", na Haider anaucheza kwenye harusi ya mama yake na ami, pamoja na wachezaji na vikaragosi vikubwa, mbele ya wageni wote. Sukhwinder Singh anaimba kwa nguvu kama mtu anayesoma mashtaka mahakamani. Mwanzo wageni wanadhani ni burudani. Ukitoka kununua bisi wakati huo, umeikosa picha, kwa sababu wimbo wenyewe ndio ushahidi. Mwongozaji mwingine angelazimika kumweleza mtunzi kwa maneno anachotaka, asubiri, asikilize, arudishe. Huyu aliuandika mwenendo wa hadithi akiwa anajua ngoma itaingia wapi.

Yapo mengine katika picha hiyo hiyo. Wachimba kaburi watatu, wazee, wanaimba huku wanachimba, na pigo la koleo ndilo linaloshika mwendo wa wimbo. Wimbo wa "Jhelum", kwa jina la mto unaopita Srinagar, ameuimba Bhardwaj mwenyewe kwa sauti yake nyembamba isiyo na mapambo.

Kuna ghazali moja humo ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo kazi yake bora ya muziki katika Haider, na hakuitunga. Ni ghazali ya Faiz Ahmed Faiz ambayo Mehdi Hassan wa Pakistan aliifanya iwe maarufu miaka mingi iliyopita. Kuna kundi kubwa la watu hapa Mombasa wanaoijua kwa moyo. Bhardwaj alikuwa na uwezo wa kuitungia lahani mpya na akasifiwa. Akamwachia Mehdi Hassan lahani yake, akampa Arijit Singh aiimbe. Familia ya Kashmir ya wakati ule ingeisikia ghazali hiyo kwa lahani ile, basi. Mtunzi aliyeajiriwa kwa siku angetaka kuonyesha kazi yake. Mwenye picha hakuwa na haja hiyo.

Haider ilimpatia Bhardwaj tena tuzo ya taifa ya muziki. Katikati aliipata kwa nyimbo za Ishqiya ya 2010, picha ambayo hakuiongoza: aliitayarisha na kuitungia muziki, akamwachia uongozaji Abhishek Chaubey aliyekuwa msaidizi wake. Rekha naye akapata tuzo ya mwimbaji bora wa kike kwa picha hiyo hiyo. Nyumba moja, picha moja, tuzo mbili.

Njia hii si ya Bhardwaj peke yake, ingawa wengine waliingilia mlango mwingine. Satyajit Ray wa Calcutta alianza kama mwongozaji, na picha zake za mwanzo alizipeleka kwa mafundi wakubwa kuliko wote. Ravi Shankar alipiga muziki wa Pather Panchali ya 1955. Vilayat Khan akapewa Jalsaghar, Ali Akbar Khan akapewa Devi. Tatizo la mafundi hao ni kwamba walikuwa wasafiri wenye shughuli zao, na walizoea jukwaa, ambapo raga hutanuka saa nzima kwa raha yake. Picha inataka sekunde 40 tu, kisha ikatike. Kuanzia Teen Kanya ya 1961 Ray akaanza kutunga mwenyewe, akaendelea hivyo karibu maisha yake yote, hata akamtungia James Ivory muziki wa Shakespeare Wallah. Mwaka 1969 akatoa Goopy Gyne Bagha Byne, kutokana na hadithi ya babu yake, akaandika mashairi ya nyimbo na lahani zake. Humo wamo mwimbaji na mpiga ngoma wabovu waliofukuzwa vijijini kwao, wakapewa na mfalme wa majini kipaji cha kuimba hadi msikilizaji aganda mahali alipo.

Kwa hiyo mmoja alitoka kwenye muziki akaingia kwenye picha kwa kukosa kazi, na mwingine alitoka kwenye picha akaingia kwenye muziki kwa kukosa fundi wa kumsikiliza. Wote wawili walikuwa wanakimbia kitu kimoja, yaani muziki kuja umechelewa na kupakwa juu kama rangi.

Hasara ipo. Mwongozaji anayejitungia hana wa kumwambia "hii haifai". Rangoon ya 2017, picha ya Bhardwaj kuhusu vita vya pili vya dunia kule Burma, ilikuwa na nyimbo nyingi kwa kuwa shujaa wake ni mwanamke anayewatumbuiza wanajeshi, na sokoni ilianguka. Mimi niliitazama nikaona nyimbo zimependwa mno na mwenyewe. Kinachomwokoa mara nyingi ni kuwa maneno hayaandiki yeye. Karibu kila wimbo wake maarufu umeandikwa na Gulzar, mtu aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 30 na asiye na sababu ya kumwogopa.

Hapo sisi tunaelewa haraka, kwa sababu taarabu yetu ilijengwa hivyo. Juma Bhalo aliimba, na mengi ya maneno aliyaandika Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin alikuwa na udi wake, na nyuma yake yupo Sheikh Nabhany na mashairi. Bhalo alichukua lahani za picha za Kihindi, malenga akazitilia Kiswahili cha Mvita kwa mizani iliyokaa sawa, na wazee wakabishana miaka mingi kama ule ni wizi au ni ufundi.

Leo mabishano hayo yamepata bei. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitengeneza picha ya dakika 12 kuhusu wavuvi, nzuri kabisa, akaitia wimbo wa kigeni alioupenda. Alipoipandisha mtandaoni sauti ikazimwa, ikabaki picha bubu ya ngalawa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mwenye lahani, awe wa Mumbai au wa Kibokoni. Nyumba ya tatu kutoka kwake anakaa mzee anayepiga udi. Nilimuuliza kijana kama amewahi kubisha hodi pale. Akasema alidhani mzee atataka pesa nyingi. Mzee, nilipomuuliza, alisema hajawahi kuulizwa, na kwamba kitu cha kwanza angetaka ni kuiona hiyo picha kabla haijakamilika.

Mwenye kutaka kuanza na Bhardwaj aanze na Maqbool, kisha Haider, na watoto wawe wamelala, maana zote mbili zina damu. Watoto wawekee Goopy na Bagha. Ni ya Kibengali, haina rangi ila mwishoni, na hawatalalamika.