Vipande vya kitenge, mapambo na zawadi za Krismasi kutoka nyumbani

DESEMBA inapokaribia jijini Arusha, dalili zake huonekana mapema kwenye vibaraza vya mafundi cherehani. Kuanzia Kijenge hadi Sakina, Ngarenaro hadi Usa River, vitenge hurundikana mezani, na kila mzazi anataka nguo ya mwanawe iwe tayari kabla ya ibada ya tarehe 25. Chini ya mashine kuna rundo jingine ambalo halina mwenyewe: pembe za vitenge, ncha za mikono, mabaki ya shingo. Jioni hufagiwa na kuingizwa kwenye kiroba, na mengi huishia jalalani.

Mzazi anayepita hapo ameshika orodha ya matumizi ya sikukuu angefanya vizuri kukitazama kiroba hicho mara mbili. Krismasi ina nguo, nyama, mchele, soda na nauli ya kwenda kwa bibi na babu. Siku chache baadaye inakuja Januari. Hata pale ambapo shule za serikali hazitozi ada, sare, viatu, begi na madaftari havisubiri. Katikati ya yote hayo, watoto wanataka nyumba ipendeze, na ndugu wanatarajia wageni wasije mikono mitupu.

Vipande vya fundi haviwezi kulipa gharama hizo zote. Vinaweza kubeba sehemu ya mapambo na zawadi, na kuwapa watoto walio likizo kazi yenye faida. Sharti ni moja: kazi ianze mapema na ifanywe vizuri. Zawadi iliyoshonwa ovyo usiku wa tarehe 24 humwambia anayeipokea kwamba alikumbukwa mwishoni.

Desturi tunayo

Kupamba nyumba kwa kitambaa si jambo geni katika maeneo ya Mlima Meru. Katika nyumba nyingi, maandalizi ya sikukuu hayakamiliki mpaka vitambaa vya makochi vifuliwe, vipigwe pasi na kurudishwa mahali pake. Vingine vimefumwa kwa uzi, vingine vimedariziwa maua. Akina mama wengi wa umri mkubwa walijifunza kazi hiyo shuleni, kwenye vikundi vya kanisani, au kwa mama zao.

Kinachopotea ni urithi wa mikono hiyo. Bibi anajua kudarizi, mama anajua kidogo, mtoto hajui hata kurudishia kifungo cha shati lake. Likizo ya Desemba ni nafasi nzuri ya kuziba pengo hilo, hasa kwa familia zinazopanda kwenda vijijini, ambako bibi yupo na ana muda.

Pa kupata vifaa

Mwombe fundi wako mabaki mapema, wiki za mwisho za Novemba, kabla hajazidiwa na wateja. Wengi hutoa bure kwa mteja wao wa siku zote. Ukimpelekea kiroba kisafi, atakuwekea. Nyumbani tafuta khanga zilizochakaa pembeni, mashati ya pamba, mashuka na mataulo ya zamani. Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, au kwenye mitumba ya Kilombero, shuka moja la pamba linatosha bitana na migongo ya kazi zote za msimu.

Vinavyobaki kununua ni vichache: sindano, uzi mweusi na mweupe, utepe, na mkasi mkali ambao hautumiki kukatia karatasi. Kwa kujazia ndani tumia sufi, pamba, au mabaki yenyewe yakikatwa vipande vidogo sana.

Fua vitambaa vyote kwanza. Kitenge kipya na khanga nyekundu huweza kuchuja rangi, na pamba husinyaa. Ni afadhali visinyae kwenye beseni kuliko baada ya kushonwa.

Anza na nyota na bendera

Nyota ndiyo kazi rahisi ya kwanza. Ichore kwenye boksi gumu ikiwa na upana wa sentimita 12, kisha ikate. Kunja kitenge, uso kwa uso, weka boksi juu na uchore kwa chaki. Shona juu ya mstari huku ukiacha upenyo wa sentimita 4 upande mmoja, kisha kata ukiacha ukingo wa nusu sentimita. Kwenye pembe za ndani kata kidogo kuelekea uzi bila kuugusa. Usipofanya hivyo nyota itajikunja. Igeuze, sukuma ncha kwa kalamu, ijaze, kisha ziba upenyo na uweke kitanzi cha utepe.

Bendera za pembetatu zinafaa kwa sebule na mlangoni. Kata pembetatu zenye upana wa sentimita 15 juu na urefu wa 18. Utepe wa mita 3 unachukua bendera 12, zikiachana sentimita 5, na kubaki sentimita 30 hivi kila upande za kufungia. Changanya kitenge chenye maua makubwa na kitambaa cha rangi moja. Vyote vikiwa na maua, jicho halipumziki.

Nyota hazihitaji mti uliokatwa msituni. Miti ya misitu ya Mlima Meru inalindwa kwa sheria, na misitu hiyo ndiyo inayotunza vyanzo vya maji ya wakazi wa chini. Tawi lililopogolewa uani na kusimikwa kwenye ndoo ya mchanga linatosha. Zikitundikwa dirishani pia zinapendeza.

Zawadi zitakazotumika

Zawadi nzuri ya mkono ni ile itakayoguswa Februari. Kishikio cha sufuria ni mfano mzuri. Kata miraba miwili ya kitenge ya sentimita 22, iweke uso kwa uso na tabaka mbili za taulo la zamani juu yake, shona pande zote ukiacha upenyo, geuza ili taulo liingie ndani, ziba upenyo, kisha pitisha mishono ya mistari juu yake ili taulo lisihame.

Hapa kuna tahadhari ya moto. Si kila kitenge ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu na uzichome nje, mbali na watoto. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha aina ya pili kifae nyota, kisiende jikoni.

Zawadi ya pili inawagusa wazee. Khanga iliyochakaa mara nyingi huisha katikati na pembeni, lakini jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, hubaki yakisomeka. Likate jina pamoja na ua lililo juu yake na ulifanye uso wa mto wa kochi. Kwa mto wa sentimita 40, uso uwe 42 kwa 42. Mgongo uwe vipande viwili vya 42 kwa 28, kila kimoja kikiwa kimepindwa ukingo mmoja, vipishane katikati. Hapo hakuna haja ya zipu.

Kwa familia iliyofiwa na mama au bibi ndani ya mwaka, mto wa namna hiyo unaweza kuwa zawadi nzito kuliko yoyote ya dukani. Ndiyo maana usikate kabla ya kuuliza. Khanga ya marehemu ni mali ya watoto wote, na mmoja wao huenda alitaka ibaki nzima. Ulizeni kwanza, kipande kimoja kikikatwa, kila ndugu apate chake.

Mtoto na sindano

Mtoto wa miaka minne hadi sita achague rangi na kujaza sufi. Wa saba hadi tisa anaweza kushona kwa mkono kwa hatua fupi, akitumia sindano kubwa isiyo na ncha kali na kitambaa kisicho kigumu. Wa kumi na kuendelea anaweza kukaa kwenye cherehani, mkubwa akiwa kando yake. Hesabuni sindano kabla na baada ya kazi. Toy au pambo la mtoto wa chini ya miaka mitatu lisiwe na kifungo wala shanga, kwa kuwa humezwa au humkaba. Macho ya mdoli yadariziwe kwa uzi.

Kazi hii isiachwe kwa wasichana peke yao. Wavulana wanawaona wanaume wakiendesha cherehani kwenye vibaraza vya Arusha kila siku, na ushonaji ni fani inayofundishwa katika vyuo vya ufundi vya VETA. Kijana anayejua kunyoosha mshono ana mwanzo wa riziki.

Thamani iko kwenye umaliziaji

Arusha ina ushahidi kwamba mabaki yanaweza kuheshimika. Karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 na iliyoko pembezoni mwa jiji kwenye mashamba ya kahawa ya Burka, huajiri watu wenye ulemavu, wengi wao wakiwa viziwi. Hugeuza chupa kuukuu kuwa shanga na vyombo vya kioo, na pia hufuma na kushona. Wageni hupita na kuwaona mafundi wakifanya kazi. Mzazi akiwapeleka watoto huko wakati wa likizo, wataona kwamba kitu kilichotoka jalalani hununuliwa kwa sababu kimemaliziwa vizuri.

Nyumbani kanuni ni hiyo hiyo. Kata nyuzi zinazoning'inia, piga pasi kila mshono, ondoa alama za chaki. Mwache mtoto afumue na kurudia pale palipopinda. Asifumuliwe na mama usiku akiwa amelala, kwani asubuhi atajua kazi si yake tena. Mwishoni aandike nyuma, kwa kalamu isiyofutika au kwa uzi, jina lake na mwaka.

Baada ya sikukuu, nyota na bendera zikunjwe na kuwekwa kwenye boksi kavu pamoja na vitambaa vya makochi. Desemba ijayo familia itaongeza mbili tatu tu, na mtoto ataona mshono wake wa mwaka jana ulivyokuwa umepinda.