Mkono Uliopooza Hupimwaje?

Siku chache baada ya kiharusi, mtaalamu wa fiziotherapia husimama kando ya kitanda na kumwomba mgonjwa mambo mawili: auinue mkono ulioathirika kwa kuutenga na ubavu, kisha anyooshe vidole. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulibaini kwamba walioweza kufanya yote mawili ndani ya saa 72, japo kwa kiasi kidogo, walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudishiwa angalau sehemu ya ustadi wa mkono baada ya miezi sita. Kwa walioshindwa, uwezekano ulikuwa asilimia 25. Robo si sifuri. Kwa hiyo matokeo hayo husaidia kupanga tiba, wala si sababu ya kumnyima mtu.

Baada ya hapo hufuata vipimo vya kina. Kipimo cha Fugl-Meyer, kilichotoka Sweden mwaka 1975, huchunguza miondoko yenyewe. Je, kiwiko hujikunja bila kutakiwa mgonjwa anapoinua bega? Je, kifundo cha mkono hutulia? Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla ya mkono mzima ni 66.

Lakini mkono haukuumbwa kwa ajili ya miondoko tu, bali kwa kazi. Kwa sababu hiyo hutumika pia kipimo cha ARAT, chenye majukumu 19 na alama 57. Mgonjwa hushika vipande vya mbao vya ukubwa mbalimbali, humimina maji kutoka bilauri moja hadi nyingine, huokota gololi kwa kidole gumba na kingine, kisha hupeleka mkono kinywani.

Hata alama nzuri haitoshi. Wapo wanaomimina maji barabara mbele ya mtaalamu, ilhali nyumbani mkono huo hulala mapajani kutwa. Ubongo umezoea kuuacha, na jamaa kwa huruma hukimbilia kuwalisha na kuwafunga vifungo. Kwa aliyezoea kula kwa mkono wa kulia, kulishwa ni zaidi ya usumbufu. Ni jambo la heshima. Ndiyo maana mtaalamu makini huuliza pia: ni mkono upi ulioshika kikombe leo asubuhi?

Vipimo hurudiwa kila baada ya muda, kwa mpangilio uleule, kwa kuwa badiliko la alama moja au mbili laweza kutokana na uchovu tu. Nafuu kubwa huonekana zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa maendeleo huweza kuendelea baadaye. Jamaa nao wana sehemu yao: wampe mgonjwa muda wa kujaribu kwanza, wasaidie pale tu anaposhindwa, na wamweleze mtaalamu wanayoyaona nyumbani. Taarifa hiyo haipatikani katika chumba cha mazoezi.